Salamu za Jonathan kwa Basi

Getruda Mhoja anauza dagaa sokoni Mabatini, Mwanza, na hajui kusoma. Mambo haya mawili hayajawahi kugombana. Barua za mwanawe Jonathan, aliyekuwa mtaalamu wa kompyuta Dodoma, zilikuja kwa sauti. Jonathan alijirekodi, akatia sauti kwenye flashi, akaifunga kwenye bahasha na kumkabidhi kondakta wa basi. Mama aliichomeka kwenye redio yake na kusikiliza huku akichambua dagaa. Kupiga simu kungekuwa rahisi zaidi, lakini simu ikikatika imekwisha, na Getruda alipenda kurudia.

Flashi zilikuwa mbili. Mpya ilipofika, ya zamani ilirudi Dodoma na kondakta yuleyule ili ifutwe na kujazwa upya, kwa kuwa Getruda hatupi kitu kizima. Kwa miaka sita zilipokezana njiani. Ndiyo maana Jonathan alipogongwa na lori mwezi wa pili akafa, sauti yake ilibaki moja duniani. Dakika tisa. Anasalimia, anausema vibaya ugali wa Dodoma, anauliza kama paa limezibwa, anakohoa, anaahidi kuja Pasaka.

Asichosema ni kwamba ndani ya flashi hiyohiyo ameficha programu aliyoiiba kazini, yenye uwezo wa kuzima umeme wa nchi nzima. Majirani walipoambiwa baadaye, waliuliza kama kazi hiyo ya kukata umeme haikuwa na wenyewe tayari. Kwa nini aliiiba, mimi sijui, na wanaojua hawasemi.

Kitengo kimoja cha serikali, kisicho na kibao mlangoni, kiliisaka kwa miezi mitatu. Walipasua dari ya chumba cha marehemu. Walihoji wachumba wake wawili ambao hawakuwa wakifahamiana, ikazaliwa kesi nyingine. Walimfuatilia mtalii mmoja hadi Serengeti, na kumbe kweli alikwenda kutazama nyumbu. Kisha wakaja Mwanza.

Walikuja wawili, Bwana Makame na msaidizi wake, Precious, wamebeba sukari kilo tano kama watu waliochelewa msiba.

"Shikamoo mama," alisema Makame. "Tulifanya kazi na Jonathan. Mazishi hatukuyawahi."

"Marahaba wanangu. Poleni na safari. Kaeni."

Huku kwetu aliyechelewa msiba haulizwi kitambulisho. Anaketishwa, anasimuliwa marehemu tangu alipoanza kuugua hadi kaburini. Getruda hakuwa na kuugua kwa kusimulia, lori halina dalili. Kwa hiyo aliwapa wageni kitu bora alichokuwa nacho. Aliwasha redio.

"Msikieni mwenyewe."

"Shikamoo mama," ilisema redio.

"Marahaba," alijibu Getruda, kama alivyojibu kila siku.

Makame aliitazama ile flashi iliyochomoza ubavuni mwa redio. Alisubiri hadi mwisho, kwa hilo namsifu. Ndipo akatoa kitambulisho.

"Mama, hiyo flashi ni mali ya serikali."

"Serikali gani inayoulizia paa langu?"

Akaeleza, polepole, na heshima yote. Getruda alisikiliza hadi akamaliza.

"Chukueni hicho chenu. Sauti niachieni."

"Havitengani, mama. Ameifuma programu ndani ya sauti."

"Basi binti huyu airekodi kwa simu yake, redio ikiongea. Ni dakika tisa tu, hata chai haijachemka."

Precious alikuwa ameshaitoa simu. "Bosi, inayopita hewani ni sauti peke yake. Programu haiwezi kupita."

"Una uhakika?"

"Kitaalamu, ndiyo."

"Utaniandikia hivyo, na kutia saini?"

Precious aliirudisha simu mfukoni.

"Samahani, mama," alisema.

"Wewe umekosa nini? Una bosi."

Getruda aliomba asikie mara moja ya mwisho. Makame aliangalia saa, akakumbuka ndege, akakubali. Wakakaa watatu wakisikiliza habari za ugali. Safari hii Getruda hakujibu salamu, asije akaifunika sauti hata kidogo. Kisha Makame akachomoa flashi na kuitia kwenye mfuko wenye namba.

Nasikia iliteketezwa Dodoma mbele ya kamati, na kamati ikanywa chai. Nchi imeokolewa. Getruda alipewa karatasi yenye muhuri, ambayo Hellen, mwenzake wa meza ya pili, alimsomea: kifaa kimoja, rangi nyeusi.

Juzi nilikuwa pale sokoni nanunua dagaa. Hellen, ambaye huamini kwamba kuongea kunapunguza uchungu, alimchokoza. "Hebu dada, tusimulie. Eti Jonathan alisemaje kuhusu wapishi wa Dodoma?"

Getruda aliweka ungo chini. Alianza vizuri, neno kwa neno, bila kukosea mahali. Alipofika kwenye paa akaacha, akauchukua tena ungo.

"Maneno ninayo yote," alisema. "Ila nikiyasema, anayeongea ni mimi."

Hellen alinipimia dagaa wangu, akaongeza kiganja ambacho sikukiomba, akaniashiria niende.