Router ya VPN ilivyowalinda mashahidi wa mke wangu wakati wa matanga ya baba, Butembo

Wakuu, amani kwenu. Haya yamenitokea mimi, sebuleni kwangu, na chumvi sijaongeza.

Naishi Butembo, mashariki mwa Congo. Mke wangu Masika anakusanya ushuhuda wa watu waliokimbia mashambulizi upande wa Mutwanga, halafu anamtumia mwanasheria. Majina na sauti zao ziko kwenye kompyuta ya nyumbani. Zikivuja, kuna watu watafuatwa hadi walikojificha.

Mimi usalama wa mtandao nilidhani ni mambo ya mabenki.

Kisha baba akafariki.

Kwetu matanga hayana mlango. Ndugu wanatoka Beni, Lubero, hata Manguredjipa, na kila mmoja akishapata chai anaomba code ya wifi awaambie wa kwake kwamba amefika. Kwa barabara hizi za vita, kufika ni habari.

Baba mdogo akachoka kuitaja. Akaiandika kwenye katoni, akaitundika kando ya picha ya marehemu. Yaani mtandao uliobeba kazi ya Masika ukawa wa kila aliyekuja kulia, na wa aliyekuja kula.

Nikataka kuitoa. Akanikatiza: "Mutu anatoka Beni na hii njia mubaya, unamunyima connexion? Ile hapana heshima, mutoto yangu."

Masika hakubishana. "Acha ikae," akaniambia. "Mi nitapanga."

Wakuu, mwanamke huyu namvulia kofia. Alikuwa na router ya VPN, kile kidude alichokinunua nikamcheka. Akaiwasha chumbani, akaihamishia kompyuta yake huko. Wageni wakabaki na wifi yao ya ukutani, yeye akawa na mtandao wake pembeni. Anachotuma kinatoka kimefungwa, hata anayetuuzia internet haoni ndani.

Hapa msichanganye. VPN peke yake haimzuii mgeni mwenye code. Kilichomzuia ni kutenganisha mitandao miwili. Masika alifanya yote mawili, na hakuna mgeni aliyenuniwa.

Sasa kulikuwa na mwanamume mmoja mwenye laptop. Upande wa baba walidhani ni wa upande wa mama, na wa mama wakadhani ni wa baba. Akamwuliza Masika, kwa upole kabisa: "Madame, ordinateur ya humu ndani iko wapi? Siioni kwa réseau."

Masika akamjibu bila kupepesa: "Ilikufa, papa. Courant ya umeme iliichoma."

Yaani alishaitafuta kompyuta yetu kwenye mtandao, akaikosa.

Saa hiyo hiyo akaingia Mama Katungu (jina nimelibadili) kutoka Mutwanga, amekuja kutupa pole. Sauti yake ni mojawapo ya zile zilizo kwenye kompyuta.

Nafasi ilikuwa moja tu, kando ya yule mwanamume. Akasogea ampishe. Akamwuliza safari ilikuwaje. Akamsogezea sukari.

Yule mwanamume hakujua kuwa ni shahidi. Mama Katungu akanywa chai yake, akamlilia baba yangu, akarudi kwake mzima.

Yule mwanamume hadi leo hatujui ni ndugu wa nani.

Somo langu: mgeni mpe wifi kwa moyo wote, ila kazi inayobeba roho za watu iwe na mtandao wake. Na mkeo akinunua kidude, muulize kabla hujacheka.

Wenye kujua router karibuni mnikosoe. Nanyi wengine, yule aliyekaa karibu na mama yenu kwenye matanga, mna hakika mnamjua?