Kipande cha Mwisho Bondeni Mtondooni

Nilikwenda Pemba kutoa kitu, si kutafuta. Marehemu mama aliacha kipande cha mpunga katika bonde la Mtondooni, upande wa Wingwi, mwisho kabisa, pale bonde linapokutana na mikoko. Tangu afariki hakuna aliyekilima. Kaka yangu yuko Bara na hataki hata kukisikia. Mimi naishi Unguja, nashona sare za skuli, na kila mwaka msimu wa sare na msimu wa mpunga hunijia kwa pamoja. Mamdogo wangu, Bi Time, alikuwa akinipigia simu kila wiki: nyasi zimekipanda, panya wametoboa tuta, na tuta lile ndilo linalozuia maji ya bahari yasipande juu.

"Likivunjika, mwanangu, si kipande chenu tu. Bonde zima litakula chumvi."

Nilimwambia ampe yeyote anayekitaka. Akasema anayekitaka yupo, ni Bi Chumu, ambaye kipande chake kinapakana na chetu. Basi ampe! Hapo ndipo aliponichosha kabisa. Kule kipande hakitolewi kwa simu. Mwenyewe huja, akakikanyaga kwa mguu wake, akasema nimekitoa mkononi mwangu, na watu wakasikia. Ndivyo walivyofanya waliotangulia ili watoto wao wasije kugombana. Nilikuwa na vitambaa vimejaa mpaka juu ya kitanda, na skuli zinakaribia kufunguliwa. Nikamwachia cherehani msaidizi wangu Zuhura, nikakata tiketi ya kwenda na ya kurudi. Nilikusudia kulala Mtondooni usiku mmoja, ukizidi sana miwili.

Asubuhi, bandarini Mkoani. Wachukuzi walikuwa wameshaanza kugombania mizigo kabla boti haijafungwa kamba. Mimi ni mtu wa roho juu, sijui kusubiri. Nilishuka mbele ya watu, nikakanyaga vidole vya watu, nikaomba radhi huku natembea. Nje alinisubiri Mzee Seif, muuza saruji wa Konde, aliyefuata mzigo wake bandarini. Alimjua mama tangu zamani, na mamdogo alikuwa amemwomba anichukue. Alikuwa anakunywa kahawa. Nikamwamkia, akaitikia, akaendelea kunywa kahawa.

"Tutachelewa, mzee," nikamwambia.

"Tunachelewa wapi? Pemba haiendi pahala."

Njiani, kuelekea kaskazini. Msomaji wa Unguja aliyezoea ardhi bapa asidhani Pemba ni kama kwetu. Kule barabara haimalizi kupanda ila inashuka, haimalizi kushuka ila inapinda. Juu vilimani ni mikarafuu, migomba na minazi; kila ukishuka unakuta bonde, na kila bonde lina mpunga wake na wanawake wake. Mtu wa Kilimanjaro angecheka akisikia tunaviita hivi milima. Lakini mtu aliyebeba ndoo ya maji kutoka chini mpaka juu ana haki ya kuviita atakavyo. Nilikuwa natazama saa kila tukipita kijiji. Tulipoipita Chake, Mzee Seif akaniambia kama nina haraka nishuke nisukume.

Adhuhuri, juu ya Mtondooni. Alisimamisha gari kwenye kona ambayo bonde zima linaonekana. Alisema injini ipoe, lakini injini haikuwa imechemka. Chini yetu bonde lilijilaza jembamba, kilima huku na kilima huku. Kichwani mwake kuna chemchemi chini ya mitondoo, na ndiyo iliyolipa jina. Vipande vya juu vina udongo mweusi unaonata. Vya kati ni vya kahawia. Na kadiri unavyoshuka kuelekea mikoko udongo unageuka kijivu, wa mwisho una utando mweupe juu yake. Kule kweupe ndiko kwetu.

Mzee Seif akanionyesha kilima cha mkono wa kulia. "Mikarafuu ile yote kapanda babu yangu. Alikuja na baba yake kutoka Omani, akanunua kilima. Baada ya Mapinduzi kikagawiwa watu eka tatu tatu."

"Hukuona uchungu?"

"Miye nilikuwa mdogo. Babu aliona. Lakini bonde hakulimiliki mtu, si babu, si nani. Tajiri alitaka karafuu tu. Matope aliwaachia wanawake. Ndiyo maana vilima vimebadilisha wenyewe na bonde halikubadilisha." Akawasha gari. "Na kipande cha mama yako hakikuwapo kabisa. Lilikuwa tope la kaa. Yeye ndiye aliyekifungua."

Hilo sikuwa nalijua. Mama hakuwa mtu wa kusimulia; alikuwa mtu wa kuinuka.

Alasiri, nyumbani kwa mamdogo. Bi Time ni mwembamba, mdomo mwepesi, na hajapata kunipokea bila ya kunitia ila. "Kushafika? Mbona kukonda hivyo? Huko Unguja mnakula nyuzi?" Akanitilia muhogo na papa, akaniambia Bi Chumu kaenda Shumba kwenye msiba wa shemeji yake, atarudi khitma ikimalizika.

"Lini?"

"Ikimalizika."

Nilikula haraka nikasimama. Nikafagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Nikampigia Zuhura, akaniambia wazazi wameanza kuja juu. Nikamwuliza mamdogo kama naweza kukitoa kipande mbele yake yeye tu, Bi Chumu aambiwe akirudi. Akaniambia mpokeaji naye lazima awe amekikanyaga, ama sivyo nitakuwa nimekitoa kwa nani, kwa nzi? "Kaa kitako, Riziki. Weye na mama yako mmoja. Hamjui kukaa."

Asubuhi ya pili, bondeni. Nilikwenda kutazama tu, ili siku isiwe ndefu. Wingu lilikuwa limetanda upande wa bahari na masika yalikuwa mlangoni. Wanawake wa bonde walikuwa wamejipanga katika kipande kimoja cha kati, leso zimefungwa viunoni, majembe yakipanda na kushuka. Mamdogo alikuwamo. Kati yao alikuwamo Bi Mwanakheri, mkubwa wao, mama mnene mwenye goti bovu, ambaye ndiye anayesema sasa tulime na sasa tule. Wakanisalimia, nikaitikia, wakaendelea. Mimi nimesimama ukingoni, mikono haina kazi, miguu inaniwasha. Hapo pembeni lilikuwapo jembe limelala. Nilikaa nikalitazama, nikaangalia simu, nikalitazama tena. Kisha nikavua viatu, nikalichukua, nikaingia.

Majembe yakasimama. Mmoja akapiga kigelegele, wengine wakampokea, na mimi kwa ujinga wangu nikadhani wananishangilia kwa kuwa mtu wa mjini ameshika jembe. Nikalima kwa nguvu mpaka kiganja kikavuja maji. Wallahi nilifurahi, mara ya kwanza tangu nitoke nyumbani sikuitazama saa.

Tulipokaa kula, Bi Mwanakheri akasema, "Kesho tunaanzia chini, kwa Riziki. Tuta lake halingoji mvua."

"Kwangu? Mimi natoa, Bi Mwanakheri. Nimekuja kukitoa."

"Unatoa nini na kushatia jembe?"

Ndipo niliposomeshwa. Kule kazi ya bonde huenda kwa kikoa: wote wanalima kwa mmoja, kisha kwa mwengine, mpaka jembe lizunguke bonde lote. Kikoa hufunguliwa siku moja tu, na siku yenyewe ilikuwa ile. Anayetia jembe siku ya kufungua amehesabiwa. Watamlimia yeye, na yeye hatoki mpaka amewalimia wote. Mtoto wa Mtondooni analijua hilo kabla hajajua kufunga leso. Mimi niliondoka mdogo, nikarudi mkubwa, nikajipalia makaa kwa mikono yangu.

Nilimgeukia mamdogo. "Mbona hukunikataza?"

"Weye tangu lini kukatazwa ukasikia?" akasema, na akajitia kumenya muhogo.

Nilikasirika, siwafichi. Nilipanda kilimani peke yangu kutafuta mtandao, nikampigia Zuhura, nikapiga kelele mpaka kuku wa watu wakakimbia.

Siku iliyofuata, kwenye kipande chetu. Walishuka wote na majembe, mapanga na magunia ya makumbi ya nazi. Nyasi zilikuwa zimenifika kiunoni. Tulizifyeka, tukayafukua mashimo ya panya kwenye tuta, tukayashindilia makumbi na udongo, tukapigilia vigingi upande wa bahari. Ng'ambo ya tuta maji yalikuwa yamejaa baina ya mikoko, yametulia, yanangoja. Nilipoyaona yamebakisha shubiri tu kufika juu, nilielewa kwa nini mamdogo alikuwa akinipigia kila wiki, na nikaona haya kwamba baadhi ya simu zile niliziacha zikalia.

Wakati tunashindilia wakanisimulia. Mama alipoolewa Mtondooni vipande vyote vilikuwa na wenyewe. Akaambiwa asubiri mmoja wa vikongwe aache kulima, apewe. Hakuweza kusubiri. Akashuka kwenye tope la kaa, akaanza kujaza udongo peke yake, watu wakamcheka. Msimu wa pili kikoa kikamfuata, wakaliinua tuta pamoja, na tangu siku hiyo bonde likawa na mlango wa kuifungia bahari. Vipande viwili vya juu yake vilivyokuwa vikiingiwa na chumvi vikapona, na kimoja ni cha Bi Chumu.

Bi Mwanakheri goti lilimkataa kabla ya adhuhuri. Nikadhani ataondoka. Akakaa kitako ndani ya matope, akaendelea kulima akijisogeza kidogo kidogo, leso yake nyeupe ikawa rangi ya udongo. Jioni ile mbegu ilikuwa imeshatiwa na boti ya kesho yake ilikuwa na nafasi, niliuliza. Ningeweza kuondoka. Kipande changu kimekwisha, nani angenifunga kamba? Lakini kila nikishika begi nilimwona Bi Mwanakheri amekaa matopeni kwa ajili ya tuta langu.

Nikabaki. Sitawachosha na siku zilizofuata. Tulipanda kutoka chini kwenda juu, udongo kijivu, kahawia, mpaka mweusi unaong'ang'ania jembe kama mkwe mbaya. Nilinung'unika kila siku, na wao wakanitania kila siku, wakaniita Boti, kwa kuwa nilikuwa nikiulizia boti. Mvua ya kwanza ilitukuta kwenye kipande cha mwisho, karibu na chemchemi, na hakuna aliyekimbia.

Siku ya kuondoka. Bi Chumu alirudi kutoka Shumba, mama wa makamo, mpole, bado amevaa nguo za msiba. Tukashuka naye mpaka chini, mamdogo na Bi Mwanakheri nyuma yetu wawe mashahidi. Nikasimama ndani ya kipande, nikasafisha koo nitamke yale niliyoyafuata. Bi Chumu alitazama chini, akaona vichipukizi vya kijani vimeanza kuchungulia, akanirudisha nyuma kwa mkono.

"Usiseme kitu. Miye nipokee nini hapa? Mbegu yako imo. Vuna kwanza, kisha uje useme."

"Bi Chumu, mimi siwezi kurudi kuvuna. Nina kazi yangu."

"Basi na mpunga nao una kazi yake," akasema, akapanda kwenda zake.

Mamdogo alikuwa akitazama mikoko kana kwamba hajapata kuiona.

Mkoani tena. Mzee Seif alinifikisha mapema, nikakaa kwenye mbao nikisubiri boti, na safari hii kahawa ilinywewa na wawili. Aliitazama mikono yangu, malengelenge yamepasuka, kucha zina udongo. Akaniuliza kama nimekitoa. Nikamwambia sikukitoa. Hakucheka, ila alininunulia kahawa ya pili.

Nyumbani Unguja nilikuta wateja wamenuna, na wawili wamepeleka vitambaa kwa fundi mwengine. Nilishona mpaka mgongo ukalia. Nimejifunza nini? Nimejifunza kwamba bonde lile halikujengwa na watu watulivu. Miaka yote nilijilaumu kwa kutojua kukaa, na mama nilimlaumu kwa hilo hilo, kwa kuwa utotoni kila siku niliuona mgongo wake ukitoka mlangoni. Alikuwa anakwenda kutazama tuta. Ningependa angeniambia, nami ningependa ningemwuliza.

Wiki iliyopita mvua kubwa ilipiga Unguja tangu alfajiri. Nilikuwa kwenye cherehani. Mguu ukaacha kukanyaga wenyewe. Nikaenda mlangoni, nikarudi, nikaenda tena, Zuhura akaniuliza nimepoteza nini. Nikapiga simu Mtondooni. Mamdogo alipopokea, sikumpa hata nafasi ya kusema haloo.

"Tuta limeshika?"

Nikasikia mvua ya kwake ndani ya simu, juu ya mvua ya kwangu.

"Suali hilo," akasema, "mama yako alikuwa ananiamsha nalo." Kisha akaikaza sauti. "Limeshika. Haya, sasa niamkie."

"Shikamoo, mamdogo."

"Marahaba, Boti. Waja lini?"

Nikamwambia nakuja kuvuna.