Mendel Auzwa Kabla ya Pasaka

Gitta Lipman alikuwa na kinyaa kuliko watu wote wa Prestwich, kule Uingereza. Glasi ya mgeni aliiosha mara mbili, kisha akainusa. Kazi yake ilikuwa kupikia watoto wa shule, na akirudi nyumbani ni kupika tena. Mwanamke wa namna hiyo ndiye ambaye Mungu aliona afaa kuletewa Mendel.

Mendel alidondoka kutoka angani majani yalipokuwa yakipukutika, akanasa kwenye mfereji wa paa. Wanawe Gitta, Tova na Yudi, wakamwingiza ndani, wakampa jina na kabati la mashuka lenye bomba la maji moto. Mchuma janga hula na wa kwao. Alikuwa donge jeupe lenye macho matatu, akinuka kama soksi zilizosahauliwa ndani ya bia. Akila mkate alivimba, akivimba alicheua, na ngazi nzima ilijaa ute. Kila siku Gitta alimsogezea mabaki ya mkate wa Sabato kwa koleo, uso ameugeuza pembeni, akimtukana. Kichefuchefu hakikumtoka majira yote ya baridi.

Pasaka ilipokaribia moyo wake ukafunguka, maana wiki hiyo chachu haikai katika nyumba ya Myahudi, hata chembe. Akamwita Rabi Kesselman aje atazame. Rabi akamdunga Mendel kwa kidole, akakinusa kidole, kisha akakilamba. Gitta nusura atapike.

"Chachu tupu," alisema Rabi. "Achomwe au auzwe."

Tova akaangua kilio, ikawa ni kuuzwa. Kwa kawaida chachu huuzwa kwa jirani asiye Myahudi, ikafungiwa kabatini mle mle nyumbani mwa aliyeiuza, na sikukuu ikiisha huinunua tena. Anshel, mumewe Gitta, alitaka iwe hivyo hivyo. Gitta hakutaka kusikia.

"Rabi, haya ni mauzo au ni maigizo?"

"Ni mauzo, mama. Jirani akiamua kukaa naye, ni wake."

"Basi atoke na ute wake wote."

Akambeba mwenyewe kwenye beseni, glavu mikononi, akipumulia mdomo, hadi kwa Bwana Hargreaves, mgane waliyepakana naye ukuta mmoja. Kisha akalisugua lile kabati mpaka rangi ikabanduka. Wiki nzima watoto walitafuna mikate isiyotiwa chachu bila kumtazama usoni, naye akajiambia kwamba watazoea. Nyumba ilinuka sabuni, na hilo lilimtosha.

Asubuhi baada ya sikukuu kwisha, Anshel na watoto wakaenda kumchukua Mendel. Wakarudi mikono mitupu. Bwana Hargreaves alikuwa amekataa katakata, akisema amenunua kwa haki na hauzi.

"Mendel anaongea sasa, Mama," alisema Tova. "Mzee akiingia jikoni tu, anamwuliza kama amekula. Anasema tangu mkewe afe hajaulizwa hivyo na mtu. Na ni sauti yako, Mama. Yako kabisa."

Mwili ulimsisimka Gitta. Sauti yake, ndani ya lile donge! Alijiona kama aliyeibiwa mswaki. Akawaambia yaishe, yeye ndiye aliyetaka mauzo ya kweli, na ameyapata. Tova akachukua mkoba wake bila kuaga.

Walipokwisha kwenda shule na Anshel kazini, alibaki peke yake hadi saa ya zamu yake, akirudisha mahali pake vyombo vya kila siku vilivyofungiwa wiki ya Pasaka. Alikuwa amesimama tangu alfajiri, amewapakulia wote, ameondoa sahani za wote. Nje gari la Bwana Hargreaves likaondoka. Hapo ndipo alipoisikia sauti, nyuma ya ukuta, karibu na bega lake.

"Umekula?"

Ilikuwa sauti yake kweli, yenye ukali wake na mkwaruzo wake, na ilimchukiza. Akangoja mtu ajibu kule. Hakukuwa na mtu. Swali hilo alilitoa yeye kila siku, kwa mume, kwa watoto, kwa shule nzima. Kuulizwa yeye hakukumbuka.

Gitta akaangalia nyuma kwanza, kama kuna wa kumwona.

"Bado," aliuambia ukuta.