Bitutu na Karatasi za Mwalimu Machogu

Mimi ni fundi wa nguo hapa Sironga. Nashona sare za shule, na Januari ikifika sina hata nafasi ya kupiga chafya. Hata hivyo meza yangu ya kukatia vitambaa nilimwachia Bitutu kila alasiri, kwa sababu nyumbani kwao hakuwa na mahali pa kusomea.

Baba yake, mzee Nyakundi, alipata kiharusi mwaka ule ule Bitutu alipomaliza kidato cha nne. Mama yake alikuwa ameshafariki. Bosire, kaka yake, alikuwa na mke na majani chai ya kuchuma, kwa hiyo mgonjwa akaachiwa binti. Akamwosha, akamlisha, akamgeuza kitandani, akajifunza hata kumbadilishia mpira wa mkojo kwa kumtazama nesi wa zahanati. Wenzake walienda vyuoni, wakaolewa, wakawa wanarudi Desemba wakiwa wamenenepa. Yeye alikuwa akifua mashuka. Mzee alipokufa, miaka mingi baadaye, watu walimsifu sana Bitutu siku ya mazishi, na sifa zenyewe ziliishia pale pale kwenye chai ya matanga.

Matanga hayajapoa, mke wa Bosire akaanza kuipima kwa macho ile nyumba ndogo aliyolala Bitutu. Kwetu binti hana chake bomani kwa baba. Sheria inasema vingine, najua, lakini sheria haiamki na sisi asubuhi. Hata akifa bila kuolewa, kaburi lake huchimbwa pembeni karibu na ua, si mahali pa heshima. Bosire si mtu mbaya, ila ni mwoga wa mkewe. Alimfuata Bitutu hadi kibandani kwangu akamwambia nikisikia, "Hii mwaka ikiisha uwe na mahali, Bitutu. Ama chuo ama bwana. Hapa utazeeka kama nani?"

Bwana mwenyewe alikuwa ameshatajwa. Ni Ogari wa Nyaramba, mtu mzima aliyefiwa na mke. Bitutu hakumtaka, na alisema hivyo waziwazi.

Chuo nacho kilikuwa kimoja tu, cha uuguzi, kule mjini Kisii, chenye nafasi chache zinazolipiwa na wafadhili. Ukifaulu mtihani wa kuingia, unasoma na kulala huko huko hadi umalize. Hawakuchukua aliyevuka miaka thelathini, na Bitutu alikuwa anabisha hodi kwenye thelathini. Kwa hiyo mtihani ulikuwa huo mmoja. Asipopita, njia ya Nyaramba ilikuwa imeshafyekwa.

Hapo ndipo alipoingia Mwalimu Machogu na karatasi zake. Machogu alistaafu zamani, lakini hapa kwetu mwalimu hastaafu, hubadilisha kiti tu. Alikuwa na mzigo wa mitihani ya zamani ya chuo hicho, fotokopi ya fotokopi, imefungwa kwa kamba ya katani. Wauguzi wengi wa kizazi changu walipita kwa karatasi hizo, na ukweli huo haukanushiki. Mtihani wenyewe sasa ulikuwa umehamia kwenye kompyuta, lakini Machogu hilo halikumtisha.

"Maswali ni yale yale," alimwambia Bitutu. "Wamebadilisha sahani, chakula ni kile kile."

Akamfundisha kama alivyotufundisha sote. Usipoteze muda kusoma maagizo, alisema, hayajabadilika tangu nikiwa kijana. Swali likikukataa, weka nukta kando yake na usonge. Maliza yote rahisi kwanza, kisha urudi kwenye nukta zako ukiwa umetulia. Kila mtu aliyefundishwa Nyamira na Kisii anaijua njia hiyo, na imetulisha wengi.

Bitutu akawa hodari. Nilikuwa nikikanyaga cherehani huku namtazama akiteremka na penseli, nukta hapa, nukta pale, halafu anarudi juu na kuziua moja moja. Hesabu za vipimo vya dawa zilikuwa zinamkataa mara ya kwanza na kumkubali mara ya pili. Alisema akirudi anakuta akili imeshapikapika kitu bila yeye kujua. Akina mama wa kikundi cha Dorkasi cha kanisa letu walimwombea Sabato nzima, na mmoja aliweka mkono juu ya zile karatasi akaziombea nazo. Mimi nikasema amina kwa sauti.

Kitu tulichokiogopa sote kilikuwa mausi ya kompyuta. Tulidhani hatari iko hapo, kwenye mkono. Kwa hiyo alikwenda kwa Duke, mwenye saiba, kibanda cha kompyuta na mtandao, pale Nyamira mjini, akajifunza kuishika na kubonyeza. Duke ni mtu wa maneno machache, na siku hiyo alisema la maana kuliko sisi wote.

"Sista, hiyo chuo iko na mtihani ya mazoezi kwa mtandao, na ni bure," alimwambia. "Nikufungulie ujaribu?"

Bitutu akasema atamuuliza mwalimu kwanza. Ndivyo alivyolelewa. Machogu akakunja uso akasema vitu vya bure vya mtandaoni ni vya matapeli, watu wameibiwa hadi mashamba. Bitutu hakurudi tena saiba. Hasira yangu juu ya jambo hilo haijaisha, na sidhani kama itaisha.

Siku ya mtihani nilifunga kibanda nikamsindikiza mjini Kisii. Aliingia akiwa amevaa sketi niliyomshonea, nikabaki nje kwenye ukuta na wazazi wengine, tukinunuliana njugu na kujifanya hatuna wasiwasi. Yaliyotokea ndani alinisimulia mwenyewe.

Kwanza lilikuja tangazo refu kwenye skrini, la Kiingereza. Ni maagizo. Akayapita, kama alivyofundishwa. Maswali ya mwanzo yakamjia vizuri na mausi ikamtii. Kisha ikaja hesabu ya dawa. Akasema moyoni, wewe nitarudi, akaandika namba yake kwenye kiganja kwa kuwa nukta hapakuwa na pa kuiweka, akabonyeza kuendelea. Mashine ikamuuliza kitu, akabonyeza ndiyo. Ikawa hivyo kwa kila swali gumu. Alikwenda mbio, alifurahi hata, akiona muda unabaki mwingi wa kutosha kurudi.

Alipofika mwisho akaanza kutafuta mahali pa kurudia. Akabonyeza huku na kule. Akainua mkono, na msimamizi, mama wa makamo mwenye sauti ya upole, akaja.

"Madam, nataka kurudi kwa maswali niliacha," Bitutu alisema.

"Haiwezekani, dada," mama yule alimjibu. "Ukishapita, umepita. Ilikuwa kwa maagizo. Na kila ukiacha swali ilikuuliza kama una hakika."

Muda ulikuwa bado upo. Aliutazama ukipungua juu ya skrini, mikono mapajani, akizijua hesabu zote zilizokuwa kiganjani mwake. Mbili tatu alishapata majibu yake kichwani akiwa amekaa pale, na hapakuwa na pa kuyaweka. Ule muda ulipokwisha mashine ikampa alama hapo hapo. Mtihani wa karatasi ulikuwa na utu kidogo. Ulimwacha mtu aende nyumbani na matumaini yake wiki kadhaa. Alikosa nafasi kwa alama chache, chache kiasi kwamba hata hesabu tatu zingetosha.

Alitoka akinitafuta kwa macho na nilijua kabla hajafika. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, tena barabarani, mtu mzima na sanduku langu la sindano mkononi.

Machogu alipoletewa habari alitikisa kichwa kwa muda mrefu. "Ungesoma maagizo," alimwambia. "Maagizo ni kitu cha kwanza."

Bitutu akamjibu, "Ndiyo, mwalimu." Nilifungua mdomo, nikaufunga aliponishika mkono. Mzee yule angali anazitoa zile karatasi kwa wanaomwendea.

Mwaka haukuwa umeisha bado. Ogari alikuja Sironga na wazee wake, wakakaa na Bosire, wakakubaliana. Bosire hakuweza kunitazama. Nilikuwa nikisaidia jikoni siku hiyo, na kwa dirisha nikamsikia Ogari akieleza bila kuficha kilichomleta. Alisema mama yake amelala kitandani tangu mwaka juzi, wasichana wa kazi wanakuja wanakimbia, na yeye amesikia sifa za huyu binti tangu mazishi ya mzee Nyakundi. Wazee wakaitikia kwamba kweli, kwa kuuguza hana mwenzake. Nilikuwa nakoroga ugali, na nilitamani kuumwaga.

Nilimtembelea Nyaramba mvua za masika zilipopungua. Nyumba ya Ogari ni safi, na Ogari mwenyewe hampigi wala halewi. Nalisema hilo ili nisimwonee mtu. Nilimkuta Bitutu chumbani anamgeuza mkwewe, mkono mmoja begani, mmoja kiunoni, anamsemesha polepole kwa Kigusii. Yule mama kizee alikuwa ananukia sabuni. Nikamsifu Bitutu, nikasema mgonjwa amepata mtu, na kwamba Ogari bila shaka anamthamini.

Alimfunika mama yule hadi kidevuni, akanyoosha shuka, ndipo akanijibu kwa sauti ya chini ili asisikike kitandani.

"Mama Sheila, huyu akienda, sijui hawa watu watanitakia nini tena."

Akaniomba nimshikie beseni apate kumkausha miguu, nikalishika.