Mwanamke Asiyenukia

Ukitaka kumwona Bi Amne amekasirika, mfikie maabara umejipaka marashi. Neno baya hutaambiwa. Utasimamishwa mlangoni, utatazamwa kwa upole kama mgonjwa, kisha utaoneshwa bomba la maji lililo nje karibu na mpera, na sabuni isiyo na harufu aliyoiweka pale yeye mwenyewe. Mkurugenzi wetu, Bwana Taherali, alishawahi kunawishwa pale mpaka shingo, siku aliyopitia kwenye harusi kabla ya kuja kazini. Alinung'unika, lakini alinawa.

Mimi naitwa Narjis. Kwetu ni Mkunazini, baba yangu anauza vitambaa, na mimi ndiye niliyekabidhiwa mashine kubwa ya maabara yetu hapa Mbweni. Tunapima viungo, asali na mwani kabla havijasafirishwa nje. Bi Amne ni afisa ubora. Watu wakiniuliza afisa ubora hufanya kazi gani, huwajibu kwamba mimi napima mwani, na yeye ananipima mimi. Miaka ya mwanzo nilimchukia. Sasa nampenda, ingawa nisingependa alijue hilo, maana atazidi.

Kazi yake yote unaweza kuielewa kwa kuelewa kitu kimoja, nacho ni chupa tunayoiita tupu. Kila tunapopima sampuli ya mteja, tunapima na chupa nyengine ambayo haina sampuli ndani. Ina dawa ya kuyeyushia tu, lakini imepita mikono ile ile, vyombo vile vile na meza ile ile. Mashine huchora mstari, na mstari wa tupu unatakiwa ulale. Ukiinuka, basi ndani ya chupa kumeingia kitu, na kitu hicho kimetoka kwetu, hakikutoka kwa mteja. Bi Amne huuangalia mstari huo kabla ya mwengine wowote. "Tupu iwe tupu," husema, na akishasema hivyo hakuna wa kumgeuza.

Sasa, wakati wa masika, alitujia Bi Mwanakheir kutoka Paje. Ni mama wa makamo, mwembamba, ana sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya pili ya ufuo. Yeye na wenzake wanalima mwani, na kwa miaka mingi walikuwa wakiuuza mkavu kwa wachuuzi waliokuja na bei yao mkononi. Safari hii walikuwa wameusaga wenyewe, wakapata mnunuzi wao wenyewe nje ya nchi, wa kwanza tangu waanze. Mnunuzi alikuwa na sharti moja: apate cheti kwamba mwani haukukaushwa kwa moshi. Masika jua huwa la kuvizia, na wengine huwasha moto chini ya kichanja ili mwani ukauke upesi. Moshi ule una sumu zake, nazo mashine yetu inazijua kwa majina.

"Sisi tumeanika juani, wanangu," alituambia siku aliyoleta sampuli. "Mvua ikija tunaukimbiza ndani kama tunavyokimbiza watoto. Nipimieni vizuri. Huyu bwana akitukataa, tunarudi kule kule kwa wachuuzi, na watatucheka."

Nilipima. Moshi ukaonekana. Haukuwa mwingi, lakini ulipita kiwango alichokitaka mnunuzi. Niliumia kweli, kwa sababu nilikuwa nimemwamini yule mama. Nilimpelekea Bi Amne karatasi huku najitayarisha kusema pole. Hakuutazama mwani. Alitazama tupu, na mstari wa tupu ulikuwa umeinuka kidogo, kijinundu tu, kama chunusi.

"Narjis, hiki nini?"

"Kidogo hicho, Bi Amne."

"Sijakuuliza ukubwa. Nimekuuliza ni nini."

Tukaingia kwa Bwana Taherali. Naye si mtu mbaya, ana wateja wanaopiga simu kutwa, na alisoma kemia zamani kabla ya sisi wote. Alisema jambo ambalo maabara nyingi zingelifanya: tuchukue moshi wa mwani, tutoe moshi wa tupu, kinachobaki ndicho jibu. Kilichobaki kingekuwa karibu karibu na mpaka, pengine juu yake, pengine chini.

"Siwezi kutoa nisichokijua," alisema Bi Amne. "Leo kwenye tupu kimeingia kidogo. Kwenye mwani nitajuaje kimeingia kiasi gani?"

"Na mteja tumwambie nini?"

"Tumwambie kwamba huenda kosa ni letu."

Bwana Taherali akashika kichwa. Lakini Bi Amne alikuwa ameshatoka, na nilimsikia ukumbini akimwambia Bi Mwanakheir kwenye simu maneno hayo hayo, bila kuyapaka sukari. Sikuwahi kumsikia mtu wa maabara akimwambia mteja hivyo.

Tukaanza kutafuta. Wa kwanza kushukiwa alikuwa jirani yetu Hamid, anayechoma mishkaki nyuma ya ukuta wetu. Bi Amne alimwendea kwa salamu ndefu, akamsihi ahamishe jiko upande wa pili. Hamid alihamisha, lakini alinuna, na mpaka leo mishkaki yetu anaichagua midogo. Tupu ikainuka vile vile. Tukabadilisha dawa ya kuyeyushia. Tukaoka vyombo vyote vya gilasi. Niliifungua mashine nikaisafisha mpaka nikaota naisafisha. Tupu ikainuka. Bi Amne akawa hali chakula cha mchana. Alikuwa akisimama dirishani, mikono mfukoni mwa koti lake jeupe, anaitazama mvua kama inayomdai.

Mvua ile ile ndiyo iliyotusaidia. Asubuhi moja niliingia maabara nikakuta dirisha lilisahauliwa wazi, na koti langu lililotundikwa pale limerowa chepechepe. Nikafungua kabati, nikatoa koti jipya, bado limo kwenye mfuko wake wa nailoni, nikavaa. Nikatengeneza tupu. Mstari ukalala, umelala kabisa. Nilipiga kelele. Bi Amne akaja mbio, akatengeneza tupu yake kwenye meza ile ile, kwa dawa ile ile. Yake ikainuka.

Kisha akavua koti lake polepole, akalitia puani.

"Sisikii kitu," alisema. Akanipa. "Wewe unasikia?"

Nilinusa. Wallahi sikusikia kitu. Lilikuwa koti safi, lina harufu ya kabati la nguo la mama yangu, yaani kwangu mimi halina harufu.

Akachukua mkasi. Akakata kipande cha mkono wa koti lake mwenyewe, akakitumbukiza kwenye chupa ya dawa, akaniambia nipime. Mashine haikulelewa Unguja na haina adabu zetu. Mstari ulipanda mpaka ukatoka juu ya karatasi.

Hapo ndipo lazima niwaeleze kwao Bi Amne. Amezaliwa Mchangani, na mama yake, Bi Time, anapika udi. Ana sufuria yake, sukari yake, marashi yake ya mawaridi na siri zake, na maharusi wa mji mzima wananukia kwa mkono wake. Katika nyumba ile nguo haiwekwi kabatini kabla haijatandikwa juu ya tenga na kufukizwa kwa moshi wa udi unaochomwa kwenye chetezo cha makaa. Kanga hufukizwa, shuka hufukizwa, kanzu ya Ubwa, mume wa Bi Amne, hufukizwa. Na mwanzoni mwa masika Bi Amne alikuwa amemnyang'anya dobi makoti yetu, kwa kuwa dobi alianza kutumia sabuni yenye marashi. Akayachukua kwao ayafue mwenyewe, kwa sabuni isiyo na harufu.

"Narjis," alisema. "Mimi nayafukiza."

"Unayafukiza nini?"

"Makoti. Kila Jumapili. Nayafua, nayaanika, nayapiga pasi, nayaweka juu ya tenga pamoja na nguo zetu. Mikono inafanya tu, sijawahi kuiuliza."

"Lakini si wewe uliyebandika pale mlangoni kwamba marashi marufuku?"

"Udi si marashi!" alifoka. "Udi ni usafi."

Akajisikia mwenyewe alichosema. Akaketi kwenye kiti changu, akaanza kucheka, na kicheko kikageuka machozi. Nami sikuweza kumcheka, kwa sababu na mimi nilikuwa na fikra hiyo hiyo. Sote tulikuwa nayo. Tulimhamisha Hamid na jiko lake, na moshi wenyewe tumeuvaa. Hakuna aliyeusikia kwa kuwa sote tumezaliwa ndani yake.

Kilichomliza kilikuwa hofu kwamba tumemharibia mtu mwengine kabla. Alirudi nyuma kwenye majibu yote, na alhamdulillahi, tangu ayachukue makoti hapakuwa na mteja mwengine aliyepimiwa moshi. Alikuwa Bi Mwanakheir peke yake.

Akaandika taarifa ya kosa. Bwana Taherali aliisoma mara mbili, akavua miwani.

"Andika makoti yalichafuka, inatosha. Jina la nini tena?"

"Angekuwa Narjis ndiye aliyeyafukiza, ningemwandika."

"Hilo nalijua."

"Basi."

Akatia saini huku anacheka chini chini, na nilimwona ameikunja nakala na kuitia mfukoni. Nasikia aliwasomea nyumbani kwake.

Makoti yote yakatolewa, yakaja mapya, na sasa yanafuliwa hapa hapa kazini. Tukachukua sampuli ya Paje iliyobaki, tukaipima upya. Tupu ikalala. Na mwani wa Bi Mwanakheir ukalala ubavuni pake, hauna hata alama ya moshi. Wale mama walisema kweli tangu siku ya kwanza. Nilimkumbatia Bi Amne, naye akaniuliza kama nimenawa mikono.

Lakini hakuishia kwenye makoti. Alipima ushungi wake, alipima nywele zake, na yote yalikuwa na udi. Basi siku za kazi akaacha kabisa. Hajifukizi, hapaki kitu, havai asmini, na nguo za kazini anazifungia kwenye sanduku lake mbali na kabati. Bi Time aliona kama ametukanwa. Ubwa, ambaye ni fundi wa mafriji Mwanakwerekwe na si mtu wa maneno mengi, alimuuliza mara moja tu kama amemuudhi. Bi Amne alinisimulia hayo anacheka, ila nilimwona mara kwa mara akiunusa mkono wake kama aliyepoteza kitu. Mwanamke wa mji huu kwenda barabarani hanukii si jambo dogo. Mimi nilijaribu siku moja nikajiona kama nimetoka bila viatu.

Bi Mwanakheir akaja kuchukua cheti. Alikuja amevaa, amejifukiza, na kifuani amebandika kikuba, kishada cha asmini na rehani cha kutosha bibi harusi. Kwa hivyo hakuingia ndani, alikaribishwa kwenye kibaraza karibu na mpera, na Bi Amne akavua koti lake, akatoka kumpelekea karatasi. Mimi nikafuata, sikutaka kukosa.

"Shikamoo, Bi Mwanakheir."

"Marahaba, mwanangu, marahaba!"

Wakabusiana huku na huku. Mara yule mama akarudi nyuma, akamshika Bi Amne mikono yote miwili, na ile sauti yake ya ufuoni ikashuka ikawa ndogo.

"Masikini, mwanangu. Lini? Mbona hata kwenye simu hukun'ambia?"

"Nini, mama?"

"Mumeo."

"Mume wangu kafanya nini?"

"Si umekaa eda?"

Nilijiziba mdomo. Bi Amne alikodoa macho.

"Mama, Ubwa yupo! Yupo Mwanakwerekwe anatengeneza mafriji!"

"Sasa mbona hunukii?" Bi Mwanakheir alikuwa karibu kukasirika. "Mtu mzima una mume hai, hunukii hata asmini! Miye n'nakubusu naona nambusu mjane!"

Ikabidi amwambie. Alimwambia yote, amesimama mbele yake kama mwanafunzi: dobi, tenga, chetezo cha mama yake, mkono wa koti uliokatwa. Alimwambia kwamba ule moshi uliotaka kuwarudisha kwa wachuuzi ulitoka kwake, afisa ubora.

"Ulikuwa wangu, mama. Nisamehe. Ningeweza kukuharibieni."

Bi Mwanakheir alikitazama cheti, kisha akamtazama yeye.

"Kwa hivyo umewacha kunukia ili mwani wetu usinuke."

"Siku za kazi tu, mama."

Yule mama akabandua kikuba kifuani pake, akamnyooshea.

Bi Amne akarudi nyuma hatua moja. "Asante, lakini zawadi za wateja hatupokei. Ndiyo sheria."

"Nani kakupa wewe?" alisema Bi Mwanakheir. "Hichi nampelekea mumeo. Wewe tarishi tu."

Sheria zetu zina kurasa nyingi, na Bi Amne anazijua zote. Nilimwona akizipitia kichwani, moja baada ya moja, akitafuta inayomkataza. Hakuiona. Alikipokea kikuba kwa ncha za vidole, akakifunga kwenye bomba lile la nje, juu ya sabuni isiyo na harufu, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, akaingia ndani kuvaa koti.

Kikuba kilishinda pale kutwa nzima. Jioni tulipotoka pamoja, Bi Amne alikifungua, akakibandika kifuani, akavuta pumzi ndefu. Sijawahi kumwona akitembea haraka vile kuelekea kwao.