Sura Niliyoiruka Nikimsomea Baba Yake

Nilimsomea mzee mmoja kitabu cha binti yake, nikakisoma vibaya kwa makusudi. Hilo ndilo kosa langu. Nimelibeba tangu msimu wa pamba uliopita, na leo naliweka mbele yenu msionijua, kwa sababu wanaonijua wamechoka kunisikiliza.

Majina nimebadilisha. Binti nitamwita Nkwimba, na baba yake Mzee Maduhu. Jina la kitabu silitaji. Mlioko Bariadi mtakitambua wenyewe, maana kilizunguka mjini hapa mpaka majalada yakang'oka.

Mimi na Nkwimba tumekua pamoja kijijini Sapiwi. Tulipohamia mjini tukaanzisha kikundi cha wapenda vitabu, tukawa tunakutana Jumamosi nyuma ya duka la madaftari. Mimi ni mwandishi, au najiita hivyo. Nina riwaya moja ya ukame ambayo nimeiandika na kuifuta miaka nenda rudi, kila sentensi naichambua kama mtu anayechagua mbegu. Haijatoka. Nkwimba aliandika ya kwake kati ya palizi na mavuno, akaipeleka Mwanza kuchapwa, akarudi na maboksi.

Ni riwaya ya upelelezi. Na ni mbaya. Nilisema hivyo wakati ule na leo sibadilishi. Mpelelezi, mwanamke, anapigwa risasi ya paja kwenye ghala la pamba Kasoli, anaruka kutoka kwenye pikipiki na kudandia lori lililo mwendoni, anafukiwa ndani ya robota la pamba na kutoka mzima. Anakwenda Lagangabilili na kurudi Bariadi kabla chai aliyoagiza haijapoa. Mtu aliyezikwa mwanzoni anapiga simu katikati ya kitabu, na hakuna anayeshangaa. Betri ya simu ya mpelelezi haikuisha chaji tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho.

Jumamosi ile tuliyokijadili, Nkwimba alikaa katikati yetu, mikono magotini. Wa kwanza kurusha jiwe alikuwa Kija, ambaye ni nesi.

"Risasi ya paja, jamani. Mimi ndiye ninayefunga vidonda hivyo. Huyo hafiki hata chooni, wewe unampandisha lori."

"Nesi, umesoma kitabu au umesoma faili la mgonjwa?" Huyo ni Sayi, dereva wa bodaboda, aliyekipenda kitabu kile kuliko sote. "Mimi nimekimaliza siku moja. Abiria wanapiga simu, sipokei. Mke wangu akadhani nina mchepuko."

"Sikatai, kinakimbia. Hata ng'ombe aliyevamiwa na nyuki anakimbia. Swali ni anakwenda wapi." Kisha Kija akalainika kidogo. "Ila ile sura ya mzee mfugaji, hapo niliweka kikombe chini."

Mimi nikadakia haraka, watu wasije wakatua kwenye sura hiyo. Nikasema hiki si kitabu, ni vumbi la pikipiki. Likishapita hubaki na kitu ila kikohozi. Watu wakacheka. Nkwimba naye alicheka mpaka akafuta macho.

"Haya, mmeshanichinja," alisema. "Nani anachukua ngozi?"

Mpaka hapo sina la kuungama. Kitabu kibaya ni haki ya msomaji kukisema, na nilikisema mbele ya mwenyewe, mchana kweupe.

Kosa lilianzia Sapiwi. Mzee Maduhu alikuwa mnadani aliposikia watu wakicheka habari za kitabu chenye jina lake juu ya jalada. Mtu anafufuka, mwanamke anaruka kwenye lori, na pale juu limeandikwa jina la Maduhu, ambalo ni la baba yake na babu yake. Akamwita binti yake, akamwambia: "Nitakisikiliza kitabu hicho. Kama ni aibu, utaliondoa jina langu, kwenye hicho na vyote utakavyoandika."

Mzee anajua Kiswahili cha mnadani na cha ofisi ya kata. Kusoma hajui, na Kiswahili cha vitabuni kinampita juu kwa juu. Alihitaji mtu wa kusoma na kumgeuzia kwa Kisukuma papo hapo. Nkwimba alijitolea, mzee akakataa.

"Mwenye ng'ombe haulizwi kama ng'ombe wake ni mzuri," alisema. "Mlete yule rafiki yako."

Rafiki ni mimi.

Nkwimba alinisindikiza mpaka kwenye pikipiki ya Sayi. Hakuniomba nimsifie. Alisema tu, "Usipunguze, usiongeze. Soma kilichomo." Nikamjibu sawa. Ungemwangalia usoni ungejua kwamba hajali kabisa nesi anasema nini wala mimi nasema nini. Alikuwa ameandika kitabu kizima cha mbio ili mtu mmoja asimame asikilize.

Nilikwenda jioni kadhaa. Mzee alikaa kwenye kigoda akisokota kamba, mkewe pembeni akichambua pamba, safi huku, fifi, ile yenye madoa, kule. "Mwadila, ng'wanone," mzee alinisalimu kila nilipofika, jioni njema mwanangu, na kila mara alinisogezea kiti mwenyewe, mtu wa umri ule.

Nami nikaanza kazi yangu. Palipokuwa na upuuzi, niliusoma polepole, neno kwa neno, nikauacha uning'inie. Palipokuwa na mzaha mzuri, niliupitisha kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo. Mzee aliuliza maswali ya mfugaji. "Lori lilikuwa linapanda mlima au linateremka?" Nikamwambia tambarare, mwendo mkali. Akatikisa kichwa na kuendelea kusokota.

Ndipo tukafika sura ya mzee mfugaji.

Niwaambie ilivyo. Mpelelezi anajikokota na mguu wake mpaka kwenye kaya ya mfugaji mmoja. Mfugaji hamuulizi amefanya nini. Anamwosha kidonda, anakifunga, anamlaza karibu na ndama apate joto, na mpaka kunapambazuka anamsimulia habari za binti yake mwenyewe. Kwamba siku ya mtihani wa darasa la saba mto ulifurika, naye akambeba binti mgongoni akamvusha, akamwacha nyuma ng'ombe wake bora akihangaika kuzaa. Aliporudi, ng'ombe amekufa na ndama amekufia tumboni. Binti alipouliza, akaambiwa ng'ombe ameuzwa.

Mto ule ni wa kwetu. Ng'ombe yule alikuwa wa Mzee Maduhu. Nkwimba aliujua ukweli ukubwani, mama yake alipoteleza ulimi, na hakuwahi kumwambia baba yake kwamba anajua. Alimwambia pale, katika sura ile, kwa njia aliyoiweza.

Mara ya kwanza nilipoisoma nililia. Halafu machozi hayajakauka nikakasirika. Mtu ameandika ujinga wote huu mbiombio, kisha katikati yake, bila hata kujikwaa, anaandika kitu ambacho mimi sijakiandika kwa miaka yote ya kufutafuta kwangu. Wivu wa mtu anayejiona bora ni mbaya kuliko wa mnyonge, kwa sababu haujikubali kuwa ni wivu. Mimi niliuita kuilinda fasihi.

Nikazishika kurasa za sura ile zote kwa kidole gumba, nikazigeuza kwa pamoja. Nikasema kwa Kisukuma: "Basi, asubuhi akaanza tena kukimbia."

Mzee akaacha kamba. "Na mguu?"

"Mguu umepona, baba."

"Umeponaje?"

"Kitabu hakisemi."

Mkewe akainua uso kutoka kwenye pamba, akanitazama, kisha akamtazama mumewe. Mzee alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekanyagwa na mgeni na hataki mgeni ajue.

Nilipomaliza kitabu, alimwita Nkwimba mbele ya mama yake na mbele yangu.

"Nimekisikia," alimwambia. "Jina la baba yangu halijawahi kukimbia hovyo namna hii. Litoe."

"Umekisikia chote, baba?"

"Chote. Huyu mwenzako amesoma mpaka sauti ikamkauka."

"Hata pale kwa yule mzee mwenye ng'ombe?"

"Mzee yupi?"

Nkwimba aligeuka akaniangalia. Nilikuwa naangalia chini. Angeweza kukichukua kitabu pale pale na kuifungua sura. Angeweza kunivua nguo mbele ya wazazi wake. Akapiga goti mbele ya baba yake.

"Nimesikia, baba. Nitalitoa."

Tulipofika barabarani nilitaka kusema kitu. Akanizuia kwa kiganja.

"Ungemwambia tu ni kibaya," alisema. "Ulishasema mbele ya watu wote, na nikacheka na wewe. Kumwomba baba anisifie, hilo siwezi. Nilitaka aikute ile sura mwenyewe."

Hakurudi tena kwenye kikundi. Alihamia Mwanza, na nyumbani hakuja hata mavuno. Simu zangu hazipokei. Kija aliposikia niliyoyafanya aliniambia, taratibu, kwamba afadhali yule mpelelezi asiye na akili kuliko mimi mwenye akili. Riwaya yangu ya ukame siigusi. Kila nikiandika sentensi nzuri najiuliza ni nani nimemnyang'anya.

Nilikwenda kumwungamia mzee. Nilipiga magoti nikamwambia: kuna sura niliiruka. Nikamtajia mto. Nikamtajia mtihani. Nilipofika kwa ng'ombe aliyekufa akizaa, alinyanyua mkono ninyamaze.

Nikatoa kitabu, nikamwomba nimsomee sasa hivi.

"Hapana," alisema. "Nitajuaje kama unachosoma leo kimo? Nilikuazima macho yangu, ng'wanone. Nitafutie mwingine."

Nikamleta Sayi. Mimi nilikaa nje ya ua na mbuzi. Sayi anasoma kama anavyoendesha, nikamsikia akienda mbio, kisha nikasikia sauti ya mzee: "Rudi nyuma hapo." Sayi akarudia. "Tena." Akarudia. Halafu mzee akasema kwa ukali, "Maji hayakuwa ya kifuani. Yalikuwa ya kiunoni. Huyu mtoto anaongeza." Kisha mkewe akatoka na kunipita bila kunisalimu, upande wa khanga ukiwa machoni.

Mzee alimpigia binti yake, akamwambia jina alirudishe. Nkwimba alimsikiliza, akamwambia wabeja, asante baba, na kwamba kitabu cha pili kimeshatoka mitamboni.

Ndugu yangu unayesoma hapa: ikitokea siku mtu asiyejua kusoma akakukabidhi karatasi, iwe ya dawa, iwe ya shamba, iwe ya mwanawe, msomee kilichomo. Kama ni kibaya, mwambie ni kibaya ukishamaliza. Usimchagulie. Umesimama mlangoni kwake, na yeye yumo ndani gizani, hana pengine pa kuchungulia.

Kitabu hicho cha pili ninacho. Kinakimbia vilevile, na watu wanafufuka vilevile. Kwenye jalada limeandikwa Nkwimba, basi, na baada yake pametulia patupu.

Mzee Maduhu huwa nakutana naye siku za mnada. Ananisalimu, kwa sababu ni mtu mzima. Wiki iliyopita alisikia kwamba kitabu hicho cha pili ninacho, akaniomba nimwonyeshe. Alikishika kwa mikono miwili, akapitisha kidole juu ya herufi, taratibu, toka mwanzo hadi mwisho.

"Nisomee hapa," alisema. "Jina langu lipo?"

"Halipo, baba."