Betri Nilizozianika Juani

Walisema sitamaliza hata darasa la nne. Baba yangu alikuwa mkata mkonge huko chini tambarare, mama aliuza ndizi gulioni Myamba, na baba yangu mdogo alikuwa na maneno yake aliyopenda kuyarudia kila nilipopita na daftari kwapani: mkonge nao husimama wima, lakini mwisho wake ni kisu. Nikamaliza. Wakasema sitapata nafasi chuoni. Nikapata, nikakaa miaka miwili, nikatoka na stashahada ya kilimo, wa kwanza katika ukoo wetu kuwa na karatasi yenye muhuri wa namna ile. Wakasema nikishaonja mji, mlima nitausahau. Nikaomba mwenyewe kupangiwa kwetu, nikarudi bwana shamba, tena na redio.

Redio ile niliinunua kwa mshahara wangu. Ilikuwa na mfuko wa ngozi wenye vitundu mbele, na ilitumia betri nne kubwa. Hiyo ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa, na kijijini kwetu palikuwa na redio mbili tu. Ya mwenyekiti ilikuwa imepasuka spika, ikawa inakoroma. Kwa hiyo Jumapili saa kumi jioni watu walikuja kwangu. Wenye viti walibeba viti, wasio navyo walikaa kwenye ukingo wa baraza. Mimi ndiye niliyeiwasha na mimi ndiye niliyeizima. Hakuna mwingine aliyegusa swichi, hata mke wangu.

Tulichokuwa tukikisikiliza ni mchezo wa kuigiza ulioendelea wiki hadi wiki. Mtunza ghala mmoja alituhumiwa kuiba kahawa ya wakulima. Ndugu yake wa tumbo moja alimjua mwizi wa kweli, lakini mwizi huyo alikuwa mkwewe. Wiki baada ya wiki tulingoja ndugu huyo asimame mbele ya hakimu aseme. Watu walibishana gulioni na kwenye shamba la kijiji. Baba mdogo alishikilia kwamba hatasema, kwa kuwa mkwe ni mkwe. Bibi mmoja, shangazi yake marehemu babu, aliyeishi peke yake karibu na mfereji, alisema atasema tu, maana mama yao aliwanyonyesha ziwa moja.

Jumapili ambayo ndugu yule angesimama kizimbani nilikuwa Same. Nilishuka Ijumaa kuchukua mbegu, nikitegemea lori la Jumapili asubuhi, na lori likavunjika springi kabla halijaanza kupanda. Redio nilikuwa nimeifungia katika chumba cha barazani na ufunguo uko mfukoni mwangu. Niliambiwa baadaye kwamba watu walikaa barazani vilevile, mbele ya mlango uliofungwa, wakiangaliana. Baba mdogo aligonga mara mbili akasema, "Bwana stashahada ameifungia mahakama nzima ndani. Hakimu, kama una njaa, gonga ukutani." Wakacheka, wakabeba viti vyao.

Nilipofika giza limeingia, ningeweza kuomba radhi yakaisha. Badala yake nilitangaza kwamba kutakuwa na marudio, na kwamba hakuna atakayeukosa mchezo ule nikiwa hai. Nilisema kwa sauti ya mtu anayeyajua mambo ya redio.

Kumbe marudio hayakuwa na siku. Wiki nyingine yalikuja Jumatano jioni, nyingine Alhamisi mchana watu wakiwa shambani, nyingine hayakuja kabisa. Yaliwekwa pale palipobaki nafasi baada ya hotuba au mpira. Tena hawakurudia kwa mpangilio. Ulisikia muziki wa kufungulia, moyo ukaruka, kisha ikawa sehemu ya miezi miwili nyuma, ile ambayo mtunza ghala bado hajaoa. Njia ya kuyapata ilikuwa moja, kuiacha redio ikiongea tangu mchana hadi usiku na kukaa karibu. Nilifanya hivyo siku nne, na betri zikafa.

Wakati huo betri zilikuwa haba kama sabuni. Duka la kijiji lilizipata kwa mgao, na mgao uliopita ulikuwa umekwisha siku ileile uliposhuka. Nikaanza kuazima. Nilipita nyumba hadi nyumba nikiomba betri za tochi, mbili hapa, moja pale, na kila nyumba niliahidi kurudisha mpya. Watu walinipa. Nao walitaka kujua ndugu yule alisema nini, na mimi nilikuwa mtu wa mshahara. Baba mdogo alinipa moja tu. Alisema anabaki na ya pili ili aitumie kunimulika siku nitakayokimbia madeni.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Bibi. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba, akanikaribisha kigoda. Nilipomweleza shida yangu aliichukua tochi akaiweka magotini. Tochi yake ilikuwa na kazi. Juu ya nyumba yake, ukipita migomba na kipande cha msitu, liko bwawa letu la udongo na mawe ambalo sisi tunaliita ndiva. Hujaa maji ya kijito usiku, na alfajiri mwenye zamu huzibua, akayafuata maji mferejini mpaka shambani kwake. Sheria ni ya tangu enzi za mababu: jua likichomoza hujafika, maji anapewa wa zamu inayofuata, nawe utangoja siku tisa. Zamu ya Bibi ilikuwa baada ya siku sita, na njia ya kwenda huko ina korongo upande mmoja.

Na alikuwa na sababu ya kuyataka maji yale. Shambani alikuwa na maharage madogo yenye mabaka mekundu, mbegu aliyoachiwa na mama mkwe wake. Mbegu hizo alizihifadhi kwenye kibuyu na majivu, na ukame wa mwaka uliotangulia ulimwachia kibaba kimoja tu. Hakuna mwingine kijijini aliyekuwa nazo tena, kwa kuwa mimi mwenyewe nilikuwa nimewahimiza watu wapande mbegu ya serikali, nao wakanisikia. Kibaba hicho alikuwa amekipanda chote kiangazi kile ili apate mbegu. Yalikuwa yanakaribia kutoa maua.

"Utazirudisha kabla ya zamu yangu?" aliniuliza.

"Bibi, mimi nimekosa kukulipa lini?"

Akafungua tochi, akazimimina betri zake mbili kiganjani mwangu.

Za kwake zilikuwa ndizo nzima kuliko zote. Kwa siku tano niliisikiliza redio ile kama mgonjwa anayesikiliza hatua za daktari. Nilisikia bei za pamba, salamu za wagonjwa, mpira wa timu ambazo sikuzipenda. Siku ya tano jioni, sauti ikiwa imeshuka mpaka nimeweka sikio kwenye ngozi ya mfuko, muziki wa kufungulia ukalia. Nikaita watu, wakaja mbio. Ilikuwa sehemu ya harusi ya mtunza ghala, tuliyokwisha kuisikia mara mbili. Kabla bibi harusi hajafika kanisani, redio ikanyamaza.

Asubuhi yake nilifanya jambo ambalo kila mtu mlimani alilijua. Nilizipanga betri juu ya bati, zikaanikwa juani toka saa tatu hadi saa tisa. Betri iliyoanikwa hupata nguvu kidogo, kama mzee aliyeota moto. Lakini wengine walianika za kwao wenyewe, wakijua ni za kubahatisha. Mimi nilizianika za mtu. Tena nilifundishwa darasani kwamba jua haliongezi kitu ndani ya betri, linachochea mabaki tu, na mabaki hayo ni ya dakika chache. Nilipata alama nzuri katika somo hilo.

Nikampelekea Bibi jioni ileile, nikaziingiza mwenyewe kwenye tochi, nikaibonyeza. Ikawaka. Nilihakikisha anaona mwanga ukicheza ukutani, kisha nikaizima haraka.

"Mungu akuzidishie," alisema. "Watu wa mshahara wengine husahau."

Alfajiri nilisikia maji mferejini, nikajiambia mambo yamekwenda vizuri. Kulipopambazuka nikatoka kukagua mashamba, nikaona maji yanapita kando ya shamba la Bibi bila kuingia, yanashuka kwa jirani. Bibi alikuwa ameketi kwenye ukingo na jembe magotini, nguo yake ina matope upande mmoja. Alinieleza bila kulalamika. Tochi ilizimika alipoingia msituni. Aliipiga kiganjani, ikawaka kidogo, ikazimika tena. Akiwa hajui korongo liko wapi, alikaa chini akangoja kupambazuke. Alipofika, jua lilikuwa limemtangulia.

"Nadhani niliisahau ikiwaka usiku," alisema. "Uzee."

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Nilisema pole. Nikaongeza kwamba siku tisa si nyingi.

Zilikuwa nyingi. Kwa maharage yanayotoa maua siku tisa za kiangazi ni mwaka, na mimi nililijua hilo kuliko mtu yeyote mlimani. Maua yalianza kudondoka siku ya nne. Ningeweza kwenda kwa mzee wa mfereji, nikakiri, nikampa Bibi zamu yangu, maana nami nilikuwa na shamba na zamu. Nilifikiria watu watakavyocheka, nikafikiria mdomo wa baba mdogo, nikanyamaza. Zamu yangu ilipofika nilimwagilia kabichi.

Wiki mbili baadaye Bibi alikuja ofisini kwangu, chumba kile chenye meza na stashahada ukutani. Alikuwa na mmea mmoja alioung'oa na mizizi yake, ameufunga kwenye jani la mgomba. Akauweka mezani.

"Wewe umesoma, mwanangu. Tazama uniambie nilikosea wapi."

Niliugeuza ule mmea mkononi. Nikamwambia udongo wake umechoka. Nikamwambia pia kwamba mbegu za zamani ni dhaifu, na kwamba kama angenisikia mwaka juzi asingepata hasara hii. Nilisema kitaalamu, na yeye aliitikia kila sentensi kwa kichwa. Alinishukuru. Akafunga tena mmea wake kwenye jani, akaondoka nao.

Nimepata mambo mengi maishani ambayo watu walisema sitayapata, na huyasimulia yote bila kuona haya. Hilo la ofisini sijawahi kulisimulia barazani.

Mwisho wa mwezi nilishuka Same na redio. Dereva mmoja wa lori alikuwa akiitamani tangu zamani, naye alikuwa na njia zake za kupata bidhaa mpakani. Nilimpa redio na mfuko wake wa ngozi, akanipa katoni nzima ya betri mpya. Nilipanda nayo mlimani begani, kwa miguu, ili kila mtu anione.

Siku iliyofuata nililipa wote. Nilianza asubuhi, nikapita nyumba zilezile, na aliyenipa moja nilimrudishia mbili. Baba mdogo aliziuma kwa meno kama anayejaribu sarafu, akasema, "Basi sasa tutasikiliza nini, tochi?" Nikacheka naye.

Kwa Bibi nilifika mwisho. Nilimpa nne. Kisha, kwa kuwa mikono yangu ilikuwa mitupu na sikuwa na kingine cha kushika, nikamwambia yote: bati, jua, mwanga ukutani, na yale niliyosema juu ya udongo wake. Nikamwambia nitamletea debe la maharage kutoka shambani kwangu.

Alikuwa anamenya ndizi, na hakuacha kumenya.

"Hayo yako ni ya kula," alisema hatimaye. "Yangu yalikuwa ya kupanda."

"Hukuvuna hata kidogo, Bibi?"

"Nilivuna. Niliyapika yote, maana bwana shamba aliniambia ni mbegu dhaifu."

Aliziweka betri mbili kwenye tochi na mbili kwenye kopo, akaniambia nikae, ndizi zilizo motoni zinakaribia kuiva. Nikakaa, nikala. Jioni nilipopita gulioni watu walinisifu kwamba nimerudisha zaidi ya nilichochukua, na kwamba hakuna nyumba kijijini inayonidai. Nikawaitikia kwamba ndivyo.